Amri ya Kumimina

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba taarifa zao ziko salama, kwa sababu Bwana Frednand huzimimina kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Haya sikuyaota. Nimeambiwa na Deodata wa Kibimba Jumapili iliyopita, tukitoka misa; yalipotokea alikuwapo, na ng'ombe wake alikuwapo.

Ofisi yenyewe ni ya vibali vya kusafirisha mifugo. Ni ipi, sisemi, maana mie sitaki kuitwa. Kompyuta, nilivyoelezwa, ukiiandikia jambo hailiweki kwenye diski hapo hapo. Inalishika kwanza, kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Umeme ukikatika, maji yamemwagika. Ndiyo maana hapo zamani ikatungwa amri ya kuiambia: mimina. Na ndiyo maana wakubwa, kwa busara zao, wakamteua Bwana Frednand kuwa Mratibu Mkuu wa Zoezi la Umiminaji. Saa kumi kamili watumishi husimama, kofia zinavuliwa, yeye anabonyeza, mashine inajibu “Tayari,” watu wanapiga makofi. Kibali kisichomiminwa hakitolewi.

Deodata alifika Ijumaa asubuhi. Mwanawe Anatoli alikuwa anaoa kijijini Kaniha kesho yake, na wakwe walishasema: ng'ombe asipofika, binti hatoki ndani.

“Shikamoo mama. Kibali chako nimeshakiandika,” akasema karani Mwanaheri. “Tunasubiri tu kumimina, saa kumi.”

“Marahaba. Saa kumi lori limeshaondoka, mwanangu. Kaniha ni Biharamulo, si hapo nyuma ya choo.”

Bwana Frednand akatoka chumbani kwake. “Mama, umiminaji hauharakishwi. Kuna nchi zimeharakisha. Ziko wapi leo?”

Hakuna aliyejua ziko wapi. Ng'ombe, aliyefungwa kwenye nguzo ya bango la Karibu Tukuhudumie, akalia.

Basi saa sita umeme ukakatika. Mwanaheri akajishika kichwa. Deodata akakaa chini sakafuni, akaanza kuililia harusi kama watu wanavyolilia maiti. Bwana Frednand akampa pole za ofisi, akamshauri mwanawe aoe mwakani.

Umeme ukarudi. Mwanaheri akawasha mashine: kibali kipo! Kizima, mpaka rangi ya ng'ombe.

“Nani kamimina?” akauliza Bwana Frednand, kama mtu aliyeibiwa.

Mwanaheri akampigia fundi wa makao makuu, akaweka simu sauti ya juu. Fundi akacheka. “Hiyo amri bado mnaitoa? Mashine inajimiminia yenyewe miaka mingi sasa. Amri haifanyi kitu. Imeachwa ijibiwe tu, anayeitoa asisumbuke.”

Deodata akafuta machozi. “Aa! Kumbe ni kama kwa baba mkwe wangu.”

“Kivipi, mama?” akauliza Mwanaheri.

“Mzee kila asubuhi anaamuru wapi tulime. Kwetu mkwe habishiwi. Tunaitikia ‘ndiyo baba’, tunakwenda kulima tulikopanga. Yeye anaridhika, sisi tunavuna.”

Aliponisimulia hapa, mie nilimwambia Deodata, basi hiyo kompyuta imelelewa vizuri.

Bwana Frednand akapiga meza. “Huu ni utovu wa nidhamu wa mashine! Naunda kamati. Na hakuna ng'ombe atakayeondoka hapa kabla kamati haijakaa. Mmeelewa?”

Mwanaheri akamtazama Deodata. Akasimama, akainamisha kichwa kama mke mgeni mbele ya mkwe.

“Ndiyo, Mkuu.”

Akachapa kibali, akagonga muhuri, akampa Deodata mbele ya macho ya mkubwa wake.

“Funga geti!” Bwana Frednand akamwamuru mlinzi.

“Ndiyo, Mkuu,” akasema mlinzi, akalifungua wazi, akasaidia na kumsukuma ng'ombe.

Lori likawahiwa. Anatoli kaoa, nami nimekula pilau. Bwana Frednand aliendelea kuamuru: madirisha yafungwe, watu warudi kesho, mvua isinyeshe kabla ya kikao. Kila amri ikaitikiwa kwa adabu. Tangu aajiriwe, alisema, hajawahi kutiiwa namna hii. Akaegemea kiti, akavua viatu, na foleni ilipoanza kusogea, yeye alikuwa ameshalala fofofo.