Shokapu Nyekundu ya Mtaalamu

Mtaalamu aliiona baiskeli kwanza. Kumwona mwenye baiskeli kulikuja baadaye, tena kwa kujilazimisha. Ilikuwa baiskeli ya mlimani, ile ya matairi mapana yenye meno, na katikati ya fremu ilikaa shokapu ya nyuma ya hewa, kile kidude kinachomeza mashimo ili mgongo wa mpandaji usiyameze. Kitu cha asili kabisa, hakuna bandia. Ila ilikuwa inavuja. Kila mara mzee aliyekuwa juu yake alipojisogeza, shokapu ilizama na kupumua kama ng'ombe aliyechoka.

"Riziki hiyo," Mtaalamu akajiambia, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Hapa lazima tuseme ukweli, maana yeye hatausema. Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe. Fundi wa kweli alikuwa dada yake, mwenye karakana, mwanamke aliyeweza kuijua gololi mbovu kwa kuisikiliza tu. Mtaalamu alikuwa na meza moja kwenye kona, na mdomo. Na juma lile dada alikuwa amemwekea sharti: "Mwisho wa mwezi, mdogo wangu. Usiponiletea kazi moja ya halali, moja tu, iliyotoka mikononi mwako, hiyo meza nampa muuza matairi. Wewe urudi kwa mama." Mtaalamu alikuwa na miaka thelathini na minane. Mama alimpenda, lakini alikuwa na tabia ya kumwamsha alfajiri na kumuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, ana mpango gani na maisha yake.

Dada alikuwa ameenda kununua vipuri. Mzee akashuka, akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Kalamu tatu mfukoni, na umenitazama kana kwamba sijamaliza zoezi."

"Mstaafu," mzee akasema. "Nasikia hapa wanatengeneza shokapu."

"Wanatengeneza, wapo. Lakini wewe si mtu wa kutengenezewa, Mwalimu. Wewe ni mtu wa kupanda daraja." Mtaalamu akafunua kitambaa mezani, taratibu, kama anafungua mkutano. Chini yake zililala shokapu tatu: nyeusi, ya bluu na nyekundu. "Nyeusi ni ya tambarare, ya watu waoga. Ya bluu ni ya vilima vidogo. Hii nyekundu..." akashusha sauti. "Hii simpi kila mtu. Lazima nikuhoji kwanza."

Zote tatu zilitoka kwenye rundo moja la vyuma chakavu, kwenye baiskeli za watoto, na juzi tu zilikuwa na rangi moja, ya kutu. Nyekundu aliipaka asubuhi ile ile.

"Uzito wako, Mwalimu?"

"Kilo sabini."

Kwa jicho la huruma alikuwa tisini. Mtaalamu akafurahi moyoni, kwa sababu mtu anayejidanganya mwenyewe ameshakumalizia nusu ya kazi.

"Na wewe unatumia ipi?" Mwalimu akauliza.

"Nyekundu! Naruka nayo makorongo mpaka watu wananiombea dua." Mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la tano, na safari iliishia ndani ya banda la kuku.

Mwalimu akaichukua nyekundu, akaigeuza huku na huku. Aliporudisha mkono, dole gumba lilikuwa jekundu. Akatoa leso, akalifuta polepole.

"Bado mpya," akasema mwishowe.

"Mpya kabisa," Mtaalamu akajibu, na kwa upande wa rangi hakudanganya.

"Na hii yangu ya zamani?"

"Hiyo imekufa, Mwalimu, tumuachie Mungu. Niachie nikusaidie kuitupa. Siku hizi hewa ya shokapu haitupwi ovyo, ina taratibu zake."

Bei walielewana upesi mno, jambo ambalo lingemshtua mtu mwerevu. Mwalimu aliomba kitu kimoja tu, dhamana ya maandishi. Akatoa daftari, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: *Shokapu hii ikiharibika ndani ya mwezi, muuzaji atarudisha malipo, na atampa mnunuzi shokapu iliyo bora kuliko zote alizo nazo siku hiyo.* Mtaalamu alitia sahihi yenye mikia mitatu. Bora kuliko zote! Zilibaki ya bluu na nyeusi, achague mwenyewe.

Mtaalamu akaing'oa ya zamani na kufunga nyekundu mahali pake, boliti mbili tu, na mzee akaondoka akiikokota baiskeli yake kwa mkono. Alisema anataka kuifurahia taratibu.

Sasa Mtaalamu akabaki na shokapu ya asili mkononi na tatizo moja: inayovuja hainunuliki. Kuifungua mwenyewe hakuthubutu, maana kitu chenye hewa ya kubanwa kikikosewa kinaweza kukutoa meno. Fundi alikuwa mmoja tu. Ikabidi amdanganye fundi.

"Dada," akasema jioni ile, akikuna kisogo. "Nimejinunulia shokapu mbovu. Nilikuwa nataka unifundishe kuitengeneza."

Dada akaweka spana chini. "Nani afundishwe?"

"Mimi."

"Wewe wewe?"

"Mimi mimi."

Dada akageukia ukutani kidogo. Aliporudi, macho yalikuwa yamelowa, akalaumu vumbi. Kisha akasukuma pembeni baiskeli za wateja, zote, akafuta meza.

Kesho yake walikaa bega kwa bega mchana kutwa. Kwanza alimfundisha kuitoa hewa yote, mpaka pumzi ya mwisho. Kisha kuifungua, kuusafisha mwili wake wa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kuzing'oa pete za mpira zilizochoka na kuvisha mpya bila kuzikwaruza. Pete mpya dada alizitoa kwenye droo yake mwenyewe. "Polepole. Usiilazimishe. Ikikataa, ujue wewe ndiye umekosea." Mara ya tatu pete ikakaa. Dada akampiga begani na kusema, "Una mkono, wewe! Miaka yote hii ulikuwa unautumia kuelekezea watu tu."

Mtaalamu alijisikia vizuri, na jambo hilo lilimkera sana. Alikuja kuiba, sasa kifua kimejaa kama cha mtoto aliyesifiwa kwa kufunga kamba za viatu.

Siku iliyofuata asubuhi, kabla hajaipeleka shokapu sokoni, Mwalimu akaingia. Safari hii dada alikuwepo. Mzee akaweka mezani vipande viwili vyekundu.

"Niliikalia tu," akasema. "Ndani ya geti langu, sijafika hata barabarani. Krak! Ningekuwa mteremkoni saa hii mngekuwa mnachanga rambirambi."

Mtaalamu akaviangalia vile vipande. Hilo la mteremko hakuwahi kulifikiria. Katika mahesabu yake yote ya ujanja, hakuna mtu aliyewahi kuikalia ile shokapu.

Mwalimu akafungua daftari, akasoma dhamana kwa sauti ya darasani, mpaka kwenye nukta. Kisha akanyoosha kidole kwenye shokapu ya asili iliyong'aa mezani. "Naona iliyo bora ni ile."

"Hii?" Dada akageuka. "Hii si ya kwako, mdogo wangu? Dhamana gani tena?"

Mtaalamu akaiona meza inaondoka na muuza matairi. Akamwona dada akimtazama kwa uso ule ule wa jana, bado haujazima. Meza angeweza kuivumilia ikiondoka. Ule uso hakuweza.

"Nilitaka iwe sapraizi, dada," akasema. "Shokapu ni ya Mwalimu. Ile nyekundu nilimpa ya kushikilia tu, ya muda."

Mwalimu akainua nyusi. "Ya muda, ndiyo. Na muda wenyewe ulikuwa mfupi."

"Kumbe ni kazi ya mteja!" Dada akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. "Kazi ya halali, jamani! Meza yako hiyo, haiguswi na mtu! Na malipo ya matengenezo?"

"Aliniambia wazee ni bure," Mwalimu akasema kwa upole mkubwa. "Na nilichotoa kwa ile ya muda ananirudishia."

Mtaalamu akarudisha, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wageni. Akaifunga shokapu kwenye baiskeli mwenyewe, akachukua pampu. "Uzito, Mwalimu?"

"Sabini."

Nyuma ya mzee, dada akanyanyua vidole tisa. Mtaalamu akajaza hewa ya tisini. Mwalimu akakaa, shokapu ikazama kidogo, kama robo, ikatulia bila kupumua. Hakika ilikuwa kazi safi.

Akamsindikiza mzee mpaka nje. "Mwalimu, ulijua?"

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mitano, kijana. Kazi iliyopakwa rangi naijua. Dada yako alinipa kwa simu foleni ya wiki sita. Nikauliza mtaani, pale nani hapangi foleni? Wakanicheka, wakaniambia, yuko mdogo wake, ila huyo ni tapeli. Nikasema, basi huyo huyo: tapeli haitupi shokapu ya asili, ataikimbiza kwa dada yake siku hiyo hiyo."

"Na ulijuaje kwamba ilikwisha jana?"

"Nilipiga simu kuulizia zamu yangu. Dada yako akanisimulia habari zako nusu saa nzima, jinsi ulivyovisha pete. Mtu mzima, analia kwenye simu." Mwalimu akapanda baiskeli. "Chama chetu cha wastaafu tuko kumi na wanne, wote tunavuja. Nitawaleta kesho. Wazee bure, si ndivyo ulivyosema?"

Mtaalamu hakuwa amesema. Alifungua mdomo akanushe, na mdomo huo ulikuwa haujawahi kumwangusha. Kisha akageuka, akamwona dada amesimama mlangoni, ameshika aproni ya pili, anasubiri kumvalisha.

"Ndivyo, Mwalimu," akasema. "Waje. Ila waseme kilo zao za kweli."