Diski Mpya ya Mke Wangu

Jumamosi, 8 Machi
Diski mpya niliyoagiza imefika. Nyembamba, nyepesi, unaweza kuitia mfukoni mwa shati ukaisahau. Kompyuta ya mke wangu ni kongwe: akiiwasha asubuhi anachemsha chai, anakunywa, anaosha kikombe, nayo bado inajikongoja. Humo ndani kuna kitabu chake cha jiografia cha darasa la sita, kazi ya miaka mitatu. Mchapishaji anakitaka Ijumaa. Amesema kikishatumwa atampa kaka yake, fundi wa kompyuta, aibadilishe diski. Kila kitu kaka yake! Bawaba ya mlango, shemeji. Pasi, shemeji. Safari hii shemeji atakuta mambo yameiva.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kaenda kumwona shangazi yake. Uwanja wangu. Kwanza kunakili: vyote vya diski ya zamani viingie kwenye mpya. Programu ikauliza ninakili kutoka ipi kwenda ipi, Diski 0 au Diski 1. Maelezo mengine hakuna. Mtu mwingine angebabaika. Mimi nilitumia akili: sifuri maana yake hakuna kitu, na diski mpya haina kitu. Basi sifuri ndiyo mpya. Programu ikaonya kwa maandishi mekundu kwamba vilivyomo kwenye Diski 0 vitafutika. Vifutike, si tupu? Dakika nne, kazi kwisha. Shemeji husema inachukua saa tatu. Uvivu wa mafundi.

Nikafungua kompyuta. Skrubu kumi nikazichomeka kwenye mche wa sabuni, kwa mpangilio uleule zilivyokaa, zisipotee. Ubunifu wangu mwenyewe. Diski mpya ikaingia. Nikawasha. Giza, na mstari mmoja wa kusema hakuna kilichoonekana ndani. Nikarudisha ya zamani. Mstari uleule. Nilikaa chini sakafuni: kumbe sifuri ndiyo ilikuwa ya zamani. Mama mkwe, aliye kwetu wiki hii, akatoka bafuni akilalamika kwamba sabuni ya nyumba hii ina miiba.

Jumatatu, 10 Machi
Skrubu tisa zimepatikana. Miaka mitatu ya mke wangu haijapatikana. Nimemwambia kompyuta inapumzika. Akauliza inapumzika kutokana na nini. Nikasema kwa ujumla tu. Akanitazama sana, akachukua mkoba wake akaenda shuleni kufundisha. Sijawahi kumwonea mtu huruma hivi, na mkosaji ni mimi.

Jumanne, 11 Machi
Yamenifika shingoni. Nilikwenda kwa shemeji kabla hajafungua karakana, nikamweleza yote, hata lile la sifuri. Akaniomba nirudie lile la sifuri. Akamwita jirani yake, fundi simu, nikarudia tena. Kisha akavuta droo, akatoa diski ndogo iliyobandikwa karatasi yenye mwandiko wa mke wangu: “Kabla hajagusa.” Alimpelekea nakala ya kitabu Ijumaa iliyopita, siku aliyoniona narudi nyumbani na bisibisi mpya. Nilitaka kuudhika. Machozi yakanitangulia.

Ijumaa, 14 Machi
Kitabu kimetumwa. Kompyuta inawaka kabla hujakaa vizuri kitini. Mke wangu ameiwasha na kuizima mara tatu kwa raha tu, akicheka, nami nikacheka naye. Inacheza kidogo upande wa kushoto, kwa kukosa ile skrubu ya kumi. Katika ukurasa wa shukrani amemtaja kaka yake kwa msaada, na mimi kwa kumpa sababu ya kuweka nakala. Nimo kitabuni!

Ukitazama vizuri, diski niliileta mimi na wazo lilikuwa langu. Shemeji alimalizia tu. Sasa televisheni anayotazama mama mkwe inakoroma kila ikiwashwa. Nimehesabu skrubu nane nyuma yake, na sabuni ipo. Nimemweleza mke wangu mpango. Akaenda kumpigia kaka yake simu kumwuliza kama televisheni nayo huwekewa nakala. Nimefurahi. Naona ameanza kuvutiwa na ufundi.