Vichwa Virefu vya Risasi

Jumatatu, 6 Machi

Jumamosi tunachuana. Nafasi imebaki moja tu katika timu ya jimbo itakayokwenda Bloemfontein kulenga shabaha. Tunaoitaka ni wawili: mimi, Hardus Roodt, mfamasia, mtu wa fikra, na shemeji yangu Faan Oberholzer, muuza matrekta, mtu wa kelele. Faan hunishinda kila mwaka. Leo, nikihesabu vidonge, nimegundua sababu. Si mkono wangu. Ni vichwa vya risasi! Vyangu vifupi, vinene, vya kishamba. Upepo wa jimbo letu la Free State unavipeperusha kama pamba. Nahitaji virefu, vyembamba, vilivyochongwa kwa mashindano. Niliviona kabisa vikipita juu ya mashamba ya alizeti, polepole, bila sauti, alizeti zote zikigeuza shingo kuvitazama.

Mteja akanigusa bega. Nilikuwa nimemjazia vidonge vya mke wake kwenye chupa ya dawa ya mbwa.

Jumanne, 7 Machi

Nimempeleleza Shangazi Hettie Snyman. Si shangazi wa damu; ni shangazi wa mji mzima, na hakuna mwanamume hapa aliyewahi kumshinda kwa bunduki. Nilisingizia kumpelekea dawa ya magoti. Akanipa kahawa na mikate mikavu ya kuchovya. Nikauliza, kama mtu asiyejali, yeye hutumia vichwa gani.

"Hardus mwanangu," akasema, "kila bunduki ina ulimi wake. Ilishe inachokipenda. Kukijua, sharti uionjeshe kwanza."

Nikacheka moyoni. Bingwa gani hugawa siri yake barazani? Alipoingia kufuata maziwa nikachungulia kisanduku kando ya kiti chake. Virefu! Shaba tupu, ncha kali, vimelala safu safu kama watoto wa bweni. Nimeazima kimoja. Kuazima bila kusema si wizi, ni kuona haya tu.

Jumatano, 8 Machi

Nimevipata vilevile kwenye duka la bunduki. Muuzaji akaniuliza mtutu wangu ni wa namna gani. Nikamwambia ni wa chuma.

Mchana kutwa nimevipima kwenye mizani ya dawa, kimoja kimoja, maana hata katika vya mashindano wamo wavivu. Vilivyolingana sawasawa nimeviita malaika. Vilivyobaki ni washirika wa kawaida wa kanisa. Mzee Malherbe alisubiri dawa yake ya presha mpaka presha ikampanda. Akanifokea: hapa ni duka la dawa au ghala la jeshi? Nikamwomba asipumue karibu na mizani.

Alhamisi, 9 Machi

Nimewapachika malaika kwenye maganda yao, baruti safi, fataki mpya. Meza ya kulia chakula imejaa, kwa hiyo tumekula soseji tukiwa tumepakata sahani. Mke wangu Rinel akauliza kama nimevijaribu. Kuvijaribu! Nani humjaribu malaika?

Akaniuliza pia kwa nini nisimwachie Faan mwaka huu. Faan ni kaka yake. Baba yao alikuwa mlengaji hodari, akafa bila kuingia timu ya jimbo, na kaka mtu hilo limemkaa kooni. Nikasema michezo haina undugu. Rinel akaipeleka sahani yake jikoni. Nikasikia bomba la maji likifunguliwa muda mrefu.

Ijumaa, 10 Machi

Bahati! Faan amekuja mwenyewe, kofia mkononi. Vichwa vyake alivyoagiza Pretoria havijafika. Akaniomba chochote.

"Shemeji, hata makombo nitashukuru."

Nikampa vichwa vyangu vya zamani, vile vifupi vya kishamba, kisanduku kizima. Nikampa kwa uso wa huruma. Akanikumbatia mpaka miwani ikapinda. Alipoondoka nikasimama dirishani, nikatazama maua ya waridi kando ya barabara yakiinama kwa upepo. Endelea, upepo. Kesho uvume sana.

Jumamosi, 11 Machi

Upepo ulivuma sana.

Nililala kifudifudi, bunduki begani. Mbele yangu mita mia tisa za majani yaliyokauka, bendera zikipepea, na mazigazi yakitiririka juu ya ardhi kama mto usio na maji. Ilikuwa raha isiyosemeka. Nikafyatua. Nikamwona malaika wangu akienda.

Shabaha haikushushwa kutiwa alama. Waangalizi waliokuwa shimoni chini ya shabaha hawakuona tundu lolote. Nikafyatua tena. Hakuna kitu. Ya tatu iligonga ukingoni kabisa, ikaacha tundu refu, kama mjusi aliyejilaza. Risasi yangu ilikuwa imefika kwa ubavu!

Shangazi Hettie akachuchumaa nyuma yangu, magoti yakilia. Akasema mifereji ndani ya mtutu wangu imejipinda polepole mno. Haiwezi kuzungusha risasi ndefu kiasi hiki, ndiyo maana zinapinduka angani kama walevi.

"Tena unafumba macho yote mawili unapovuta," akaongeza. "Na kile kichwa changu nirudishie Jumatatu."

Faan, kando yangu, alipiga katikati. Akapiga tena katikati. Vichwa vyangu vya kishamba vilipita katika ule upepo kama wenyeji wanaokwenda sokoni. Jina lake liliposomwa hakupiga kelele. Mtu yule! Alivua kofia akalia, na Rinel akaivuka kamba ya watazamaji akamshika shingo, wakalia wote wawili. Kisha Faan akanivuta katikati yao mbele ya watu wote.

"Bila huyu nisingefika! Amenipa vichwa vyake vizuri, yeye akabaki na takataka!"

Watu wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi uwanjani. Kwa kitambo kidogo, katikati ya jasho na machozi ya ukoo wa Oberholzer, nilihisi kitu cha joto kifuani, karibu niseme furaha. Sikumweleza ukweli. Ingemharibia siku.

Jumatatu, 13 Machi

Nimetafakari siku mbili. Sasa naona wazi makosa yalikuwa wapi. Mtutu! Nimeagiza mpya, mrefu, mzito, wenye mifereji ya kujipinda haraka. Niliuona leo kwa mawazo, nikiwa kaunta katikati ya dawa za kikohozi: nimelala Bloemfontein, upepo umetulia kwa heshima, na uwanja mzima umeshika pumzi.

Rinel akaniuliza taratibu kama mtutu huo utamfunza mtu kulenga. Nikamweleza, kwa upole, kwamba mtutu mzuri hulenga wenyewe.