Pua ya Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kaniingiza mrija wenye kamera puani. Nimeuona uvimbe wangu kwenye skrini, umejilaza kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka. Si saratani, kasema, ila utolewe. Hakuna kukatwa uso, wanapitia tundu la pua humo humo. Mke wangu akashusha pumzi. Mimi roho juu! Ni mnusaji mkuu wa kiwanda cha sabuni, na mwaka wa pili huu sijanusa hata kitunguu. Bosi akijua, kibarua kimeota nyasi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeomba ruhusa. Nimesema shemeji anaoa. Bosi kauliza shemeji yupi. Nikababaika, nikajibu wote. Kazini mbinu yangu ni ile ile: namwangalia kwa jicho la pembeni msaidizi wangu, tunayemwita Mama Udi. Akikubali kwa kichwa, nami nakubali. Mwanamke ana pua yule!

Alhamisi, 7 Machi
Tayari! Nimezinduka na pamba puani. Nikaomba kioo nione kidonda cha kuringia. Hakuna hata mchubuko! Nimekatazwa kupenga na kubeba mizigo. Mizigo wala siitamani.

Jumatano, 13 Machi
Daktari kanisafisha vigaga. Kutoka nje tu, kahawa! Vumbi lililonyeshewa! Shati langu, loo! Nimemnusa mke wangu shingoni mpaka kanifukuza jikoni. Nimefurahi, chozi limenitoka.

Jumatatu, 18 Machi
Kazini. Nimenusa sabuni yetu ya waridi. Mungu wangu! Soksi mbichi! Nikakunja uso. Mama Udi akakunja papo hapo. Nikatabasamu, akatabasamu. Nikamvuta pembeni, akakiri: mwaka wa tatu hanusi kitu, siku zote alikuwa ananiangalia mimi! Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Nimempa namba ya daktari.

Jumanne, 19 Machi
Nimemwambia bosi sabuni inanuka. Kawaka! Wateja wanaigombania miaka yote, leo ndiyo inuke? Akanikumbusha ana mpwa wake, kijana mwenye pua kali, yuko nyumbani tu. Nikanusa upya haraka. Nikasema samahani, waridi tupu. Akanipigapiga bega. Kazi ipo!

Ila harufu ile kila siku siiwezi. Nimeshapata dawa: nimekata vipande viwili vya sifongo, saizi ya tundu zangu. Kesho naziba zote mbili.