Ubao Wangu wa Maono na Watu Waliokuja na Kuni

Jumapili, 4 Januari 2026

Leo kanisani tumeletewa mwalimu wa kina mama kutoka Nakuru mjini. Anaitwa Namalwa. Kucha ndefu, hajawahi kukama ng'ombe, lakini anaongea vizuri. Amesema kila mama Mkristo atengeneze ubao wa maono ya familia yake. Unakata picha za yale unayomwomba Mungu, unabandika ubaoni, unaweka mahali utauona kila siku. Jumapili ijayo tutatoa ushuhuda.

Wangare, jirani yangu, akaniegemea akasema wake utakuwa na gari jeupe. Nikamwambia Mungu si duka.

Mimi ninaomba hasa kitu kimoja. Muiruri, kijana wangu wa pekee, aje aketi mezani kwangu na bibi yake Sue na mjukuu wangu Natasha. Kutoka Lanet hadi hapa Bahati hata kuku anaweza kutembea. Tangu Agosti hajakanyaga! Krismasi nilichinja jogoo nikabaki kuangaliana naye kwa sufuria. Ati kwa sababu nilisema chapati za Sue zinaweza kuziba pancha. Si ni ukweli? Na simu sipigi. Tangu lini mzazi akaanza kupiga?

Jumatatu, 5 Januari

Wangare amechapishiwa picha mjini, za rangi, zinang'aa. Amepita nazo hapa mara tatu. Njia ya kwake haipiti hapa.

Picha ya ng'ombe nimetoa kwa kalenda ya duka la dawa za mifugo. Tangi la maji pia. Shida ni watu. Picha zote za Muiruri ziko kwa simu, na simu haikatwi na makasi. Nimekaa nikawaza. Kisha nikakumbuka vile vijitabu vya mazishi ya mume wangu, mzee Ndung'u, vimejaa chini ya kitanda. Karatasi nzito! Rangi safi! Muiruri yuko ndani na suti, ukurasa mzima, uso mtulivu. Sue yuko na Natasha mgongoni.

Nimewakata wote. Mtu aliyefika darasa la nne tu ana akili kushinda wa kuchapishiwa.

Jumanne, 6 Januari

Gundi ya duka ni ya watu wavivu. Nimepika uji wa unga wa ngano, mzito, nimebandika. Muiruri juu katikati. Chini yake Sue na Natasha, ng'ombe, tangi. Nikaanika ubao juani, nikaenda kupalilia maharagwe.

Mbuzi! Amelamba uji, halafu akakula kila kitu mdomo wake ulifikia. Ng'ombe ameenda. Tangi limeenda. Sue ameenda na mtoto mgongoni. Amebaki Muiruri peke yake.

Ningeweza kukata Sue mwingine, vijitabu viko tele. Lakini mbuzi ni kiumbe cha Mungu na hali kitu bure. Nimeacha hivyo.

Nafasi imebaki kubwa, nayo inaaibisha. Nimezungusha ule utepe wa zambarau uliokuwa kwa gari lililobeba mzee. Kitambaa kizuri hivyo, nani hutupa? Kwa pembe nimeweka maua ya plastiki. Chini nimeandika na makaa: MAPENZI YA BWANA YATIMIE. Imependeza mpaka nikatokwa na machozi kidogo.

Jumatano, 7 Januari

Wangare ameweka wake sebuleni, nyuma ya pazia. Imani ya kujificha! Wangu nimepigilia misumari langoni, hapo kando ya barabara, Bahati yote ione.

Kamande wa bodaboda amepita akasimama, akavua helmeti. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, mathe, ni lini? Nikamwambia sijui siku, niko tayari. Akasema pole. Nikamwambia kuomba si kazi ya kuonewa huruma. Akatikisa kichwa, akasukuma pikipiki bila kuiwasha mpaka kwenye kona.

Heshima hatimaye.

Alhamisi, 8 Januari

Ubao unafanya kazi! Saa nne kina mama wa kanisa wameingia kwangu, wote, na kuni, majani ya chai, sufuria kubwa ya kikundi na wimbo wa polepole. Wamekuja kuona ubao, nikajua. Hata Wangare! Alinikumbatia akilia akasema tusahau ya nyuma. Ameleta unga na sukari. Nikasema moyoni, gari jeupe limemshinda.

Waliniuliza kama nimepanga pa kumweka. Nikawapeleka chini ya mparachichi, karibu na mzee wangu. Nikasema ni hapo, nilimtengea zamani, ni yeye tu nangoja aletwe. Nilimaanisha nyumba. Walilia sana. Sikujua watu wanampenda Muiruri hivi.

Wakaniuliza Sue anavumiliaje. Nikasema huyo sijamwona tangu Agosti, na sitamtafuta. Mmoja akasema wakwe ni mtihani. Nikasema amina.

Mchana wanaume wakaleta hema. Nikafikiri, kwa ubao mmoja?

Ijumaa, 9 Januari

Ngai!

Kumbe mtu alimpigia Sue kazini kumpa pole ya mume. Sue akaanguka. Sitati, anayefanya kazi na Muiruri, naye akapokea simu ya kuulizwa mwili uko wapi. Akajibu uko hapa unakunywa soda.

Saa nane Muiruri akaingia mbio, tai imekaa mgongoni, Sue na Natasha nyuma yake. Alikuwa amejiona langoni. Kina mama walimwona wimbo ukiwa katikati. Wangare alipita juu ya maharagwe yangu kama swara, ameacha kiatu kimoja. Mashina sita amevunja! Hakuna aliyeniambia pole ya maharagwe.

Muiruri amenifokea. Ati Mami, umenizika nikiwa hai? Nikamuuliza nani aliyemzika, mimi nilimtundika tu. Sue alikuwa ameshika shati la Muiruri, haachilii, hata alipoketi. Nikaangalia mkono ule kwa muda.

Kuni zilikuwepo. Unga ulikuwepo. Sue akainuka akapika chapati, macho yamevimba. Tumekula wanne mezani kwangu. Natasha akaniuliza, cucu, kwa nini unalia? Moshi, nikasema. Nimekula chapati tatu. Nikamwambia Sue sasa zinakunjika. Akacheka! Sikuwa nimetania.

Jumamosi, 10 Januari

Wamelala hapa. Muiruri aling'oa ubao asubuhi. Mchungaji amekuja, akasema kesho nisimame niombe kanisa msamaha kwa kuwatisha watu. Nimemwambia nitasimama.

Jumapili, 11 Januari

Nimesimama. Nikauliza kanisa: ubao umewekwa Jumatano, mtoto amefika Ijumaa. Gari jeupe la Wangare liko wapi? Namalwa alikohoa. Mchungaji alianzisha wimbo kabla sijafika kwa mbuzi.

Kiatu cha Wangare nimemrudishia mbele ya watu wote.

Jioni Muiruri amewarudisha Lanet. Amesema watakuja Pasaka, na nikitaka waje mapema, tafadhali Mami, nipige simu. Nimesema nimesikia.

Pasaka! Aprili hiyo. Na sipigi simu.

Misumari bado iko kwa lango. Utepe nimeufua, hauna hata doa. Nimerudia vijitabu nikapata picha nzuri kushinda zote, ukurasa wa mjane: mimi mwenyewe, kofia nyeupe, natabasamu. Hii nitaiweka katikati. Kwa Muiruri walikuja watatu. Kwangu hata shangazi zake wa Kihoto watakuja.

Mbuzi nimemfunga.