Vita vya Diana wa Tengeru na Mfalme Aliyegawa Nchi

Sogeeni, enyi wachuma kahawa na wauza ndizi wa Tengeru, tueni matenga yenu mpate kusikia habari za Diana binti Philemoni, mjukuu wangu, shujaa wa kidato cha sita, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyetoka peke yake kupigana na mfalme wa Kizungu aliyekufa zamani na asiyekubali kulala.

Mfalme huyo alijificha ndani ya kitabu chembamba cha mtihani wa fasihi ya Kiingereza, akilindwa na jeshi la maneno makongwe ambayo hata Wazungu wenyewe, nasikia, huyaogopa. Mara mbili Diana alimwendea, na mara mbili alirudi na alama ishirini na kitu, kalamu nyekundu imemwaga damu ukurasa mzima. Tena mwalimu wake, Madam Fransiska, alikwishatoa amri: atakayeanguka jaribio la Ijumaa ataondolewa darasa la fasihi, akasome mengine. Diana hakutaka mengine. Alhamisi alasiri akanijia jikoni, mimi namenya ndizi za mtori.

"Shikamoo bibi. Kesho nakufa."

"Marahaba. Utakufa tukishamenya," nikamjibu, nikamkabidhi kisu, silaha ya kwanza ya vita vile. "Huyo adui yako kafanya nini?"

Shujaa akasimama, ndizi mkononi mithili ya rungu, akanena:

"Bibi, mfalme alizeeka, akawaita binti zake watatu, kila mmoja amsifu apewe nchi. Wakubwa wawili wakasifu hadi mate yakawakauka. Mdogo akakataa kusema uongo, akafukuzwa. Wakubwa wakagawana nchi yote, kisha wakamfungia baba yao nje kwenye mvua. Mimi nimeandika kwamba mfalme alikuwa na hasira. Madam kasema haitoshi."

Kisu changu kikasimama.

"Nchi yote? Hakujibakizia hata migomba ya nyuma ya nyumba?"

"Hata mmoja."

"Na kitinda mimba, yule wa kubaki na wazee na kurithi nyumba, ndiye kamfukuza?"

"Ndiye."

"Sasa mama, mzee huyo alitaka nani amkorogee uji?"

Diana akavuta daftari, akaandika kwa vidole vyeusi vya utomvu wa ndizi, wala hakumenya tena hata moja, na mtori ule nikaupika mwenyewe.

Jumatano iliyofuata majibu yakashuka: hamsini na tatu, na darasani akabaki. Pembeni Madam alikuwa ameuliza, haya umeyasoma wapi? Diana akamjibu, "Kwenye maganda, Madam."

Nikaichora kwa mkaa ukutani, chini ya tarehe ambayo ng'ombe wangu alizaa pacha: DIANA, 53.

Jumamosi akaja Philemoni, kifungua mimba wangu, na kilo mbili za sukari kama kawaida yake. "Mama, Meru nzima hakuna mama kama wewe," akaanza, maneno ambayo hutangulia swali la lini nitagawa shamba.

"Keti, baba. Mwanao kamshinda mfalme. Diana, msomee mzazi wako, anzia mwanzo, umfasirie polepole."

Akasikiliza vizuri mpaka binti wakubwa walipoanza kusifu. Hapo akaitua sukari, akakumbuka kwamba pikipiki ameiacha juani, akaaga.

Basi na iandikwe hivi: katika siku kumi, kwa kitabu kimoja, Diana wa Tengeru aliangusha wawili, na migomba yangu ingali yangu.