Mratibu wa Hasira za Chumba cha Kufulia

Bodi ya Ushirika wa Nyumba wa Tallkotten, mjini Eskilstuna, nchini Sweden, ilitangaza kwa fahari kwamba kuanzia Jumatatu hasira zote za chumba cha kufulia zingetolewa na mtambo. Hakuna mkazi ambaye angelazimika tena kukasirika kwa mkono. Tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango wa kuingilia, na sahihi ya mwenyekiti, Torgny Hallström, ilikuwa kubwa kuliko tangazo lenyewe.

Torgny alikuwa mtu wa maendeleo. Alistaafu kutoka idara ya maegesho ya magari ya manispaa, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta kitu cha kuratibu. Chumba cha kufulia cha pamoja, kule chini ya jengo, kilimpa vyote alivyohitaji: mashine chache, nyumba nyingi, zamu zinazogombewa kuliko viti vya ubunge, na ukuta uliojaa vikaratasi vya kusutana. Kusutana kwa mdomo hakukuwepo, bila shaka. Hatukulelewa hivyo. Kwenye lifti watu walisalimiana na kusifia hali ya hewa, kisha wakashuka chini na kalamu.

Malkia wa ukuta ule alikuwa Majken Åhlund wa ghorofa ya pili, mjane mwembamba aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote. Hakuwahi kuweka jina lake kwenye kikaratasi, wala halikuhitajika. "Kwako uliyesahau soksi moja: ipo kwangu. Njoo uichukue, na uje na maelezo." "Kwako unayefua kwenye zamu ya mwenzio: saa ya ukutani ni nzima. Tatizo liko wapi?" Watu walishuka chini bila nguo chafu yoyote, ili kusoma tu.

Vikaratasi hivyo vyote vilikuwa vimehifadhiwa kwenye maboksi na katibu, Pernilla, kwa sababu ushirika wetu hautupi kitu. Torgny akayachukua maboksi, akayapeleka kwa kampuni moja ya Gothenburg, nayo ikailisha akili mnemba vikaratasi vya miaka thelathini. Ikaiunganisha na kufuli la mlango, linalojua nani kaingia na saa ngapi, na jicho dogo la kamera juu ya sinki. Kikazaliwa chombo kilichoitwa Mratibu: skrini pana ukutani, iliyotunga makaripio yenyewe na kuyatuma pia kwenye simu za wakazi wote. Kwenye ripoti, Torgny alikiita mfumo jumuishi wa usimamizi wa manung'uniko.

Wadau walishirikishwa, maana yake walipewa kahawa. Stellan, dereva wa basi wa ghorofa ya nne, alisema hana shida kukaripiwa na mashine, kwani ile ya tiketi inamkaripia kila siku. Jirani mwingine alisema faragha ni ya wenye mambo ya kuficha, kisha akauliza kama hiyo kamera inaona mpaka kwenye korido. Mmoja alitaka kujua data zinakaa wapi. Torgny alijibu kwamba zinakaa salama, na mwulizaji akaridhika, kwa kuwa maandazi ya mdalasini yalikuwa yamefika.

Mwishoni likapitishwa azimio, lililoandikwa na Torgny mwenyewe. Kila kilichowahi kubandikwa kwenye ukuta wa ushirika ni mali ya ushirika, pamoja na maneno yake, mpangilio wake na ukali wake. Maandishi ya Mratibu yasifutwe na mtu yeyote, hata bodi, ili kuzuia upendeleo. Yafutwe kwa ridhaa ya mwenye mali tu. Na mkazi yeyote asibandike kitu kinachofanana na mtindo wa Mratibu. Torgny alilisoma mara mbili, kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni.

Mratibu alianza kazi kwa kishindo. Wiki ya kwanza aliandika: "Kwako uliyeacha manyoya kwenye chujio: tumekutunzia. Unaweza kufuma sweta." Jengo zima lilicheka. Majken alisimama mbele ya skrini akiwa na kapu lake la nguo, akasoma mpaka mwisho, na hakucheka. Alipanda ngazi hadi kwa mwenyekiti na kugonga.

"Torgny, yale maneno kwenye skrini ni yangu."

"Ni ya Mratibu, Majken. Yamezalishwa."

"Yamezalishwa kutokana na nini?"

"Kutokana na data."

"Hiyo data ilikuwa inakaa jikoni kwangu jioni nzima ikitafuta neno," alisema Majken. "Nimeishi miaka yote nikisoma maandishi ya wengine, Torgny. Hayo ndiyo pekee niliyowahi kuyaandika yakasomwa na mtu. Usiniambie ni ya mashine."

Torgny alimhurumia kwa utaratibu. Alimweleza kwamba teknolojia haimwachi mtu nyuma ila anayekataa kusogea, na kwamba anapaswa kujivunia kuwa malighafi. Majken alimwangalia, akashuka chini, akabandika kikaratasi chini ya skrini: "Kwako uliyeiba maneno ya watu: rudisha, na uyakunje vizuri."

Bodi ilikutana kwa dharura. Ilionekana wazi kwamba kikaratasi kile kilifanana na mtindo wa Mratibu kiasi cha kutisha. Majken alipatikana na hatia ya kumwiga. Zamu yake ya kufua ikasimamishwa hadi atakapothibitisha kwamba amepata mtindo wake mwenyewe. Mama wa watu akawa anafulia nguo zake kwenye sinki la bafu na kuzianika juu ya viti, na kalamu akaiweka kabatini. Jengo zima lilijua. Watu walisifia hali ya hewa.

Sifa za Mratibu zikafika mbali. Muungano wa vyama vya nyumba wa mkoa ukaomba kuja kumwona, ujumbe mzima, siku ya Jumamosi. Torgny alinunua tai mpya. Alhamisi asubuhi alishuka chini kukagua usafi, akakuta skrini inawaka.

"Kwako Torgny," ilisomeka. "Umefungua mlango huu Jumapili zote alfajiri kwa ufunguo wa ukaguzi. Ulichokagua ni blanketi la mbwa wako. Nguo za jirani ulizozitoa mashineni zikiwa zimelowa haziwezi kutembea zenyewe hadi mezani. Manyoya yaliyobaki ndani yanatosha mbwa wa pili. Ukimkamilisha, mpe jina, na zamu yake mwenyewe."

Kila neno lilikuwa kweli. Lililomuuma zaidi ni kwamba ulimi ule haukuwa wa Mratibu. Vile aliandika mtu mmoja tu jengoni, na mtu huyo alikuwa juu, anafua bafuni. Torgny alichukua taulo, akaifunika skrini. Baada ya dakika chache simu zote za jengo zililia pamoja: "Taulo lililoning'inizwa ukutani haliko mahali pake. Mwenyewe, ambaye pia ana mbwa, alichukue."

Alipiga simu Gothenburg. Kijana wa kampuni alimjibu kwa upole kwamba kufuta ni jambo la sekunde moja, ila mkataba unadai ridhaa ya mwenye mali. Mwenye mali, kwa mujibu wa azimio zuri sana ambalo mwenyekiti aliliambatanisha, ni ushirika. Ushirika ni mkutano mkuu. Torgny akaitisha mkutano kwa Ijumaa jioni, kwa hoja moja tu: kufuta maandishi yasiyokidhi viwango.

Wakazi walijaa hadi mlangoni. Hata mikutano ya kupanda kwa kodi ya pango haikuwahi kuwaleta hivyo. Stellan alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mimi nguo zangu zimekuwa zikikutwa mezani zimelowa tangu mwaka juzi," alisema, "na nilidhani ni yule bwana wa ghorofa ya kwanza. Nimemnunia muda wote huo bure. Sasa, mwenyekiti, hii ni mali yetu sote, na mimi naona ni nzuri. Kwa nini tuiharibu?"

Kura zilipigwa. Waliotaka yafutwe alikuwa mwenyekiti. Pernilla aliandika hivyo hivyo kwenye muhtasari.

Hapo Torgny alisimama na kutoa hotuba bora kuliko zote alizowahi kutoa. Alisema maneno ya mtu si manyoya ya kwenye chujio, mtu mwingine ayazoe na kuyaita yake. Alisema mashine haijui uchungu wa kukaa jikoni jioni nzima kutafuta neno. Alisema kuna mwanamke humu jengoni aliyenyang'anywa sauti yake, kisha akaadhibiwa kwa kufanana nayo, na kwamba yeye, Torgny Hallström, hawezi kukaa kimya mbele ya dhuluma ya namna hiyo. Sauti ilimtetemeka kweli. Alipendekeza azimio litenguliwe: kila neno la ukutani, na kila neno la Mratibu lililotokana nalo, lirudi kwa Majken Åhlund, pamoja na zamu yake ya kufua.

Likapita bila kura hata moja ya kupinga. Mkono wake ulikuwa juu kuliko yote.

"Basi, Majken," alisema, akijifuta jasho. "Sasa wewe ndiye mwenye mali. Tunaomba ridhaa yako tu, yafutwe kabla ya wageni kufika."

Majken alikuwa kiti cha nyuma. Hakuharakisha kusimama. Alisema kwanza anaomba asomewe maandishi hayo, kwa sababu tangu azuiwe kuingia chumba cha kufulia hajapata nafasi ya kuyaona yakiwa ukutani, na mwandishi anapenda kusikia kazi yake. Pernilla alifungua kitabu cha kanuni, akathibitisha kwamba anayesoma mbele ya mkutano ni mwenyekiti.

Torgny akasoma. Alianza na "Kwako Torgny", akapita kwenye blanketi, akafika kwenye mbwa wa pili.

"Hapo kwenye manyoya umeharakisha," alisema Majken. "Rudia."

Akarudia.

"Ni nzuri," alisema Majken, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakujisumbua kuificha. "Sifuti. Ibaki pale pale. Wageni wakitaka kuipiga picha, waje kwangu ghorofa ya pili kuomba ruhusa. Nitawapa."

Kanuni zinamtaka mwenyekiti aulize kama kuna pingamizi. Torgny aliuliza. Hakukuwa na pingamizi, akagonga kinyundo chake mezani.